Kuongeza Oili Siyo Kubadili Oili
Somo la mwezi huu kwa wenye matrekta, pikapu na pikipiki

Mwaka mmoja, mwisho wa mwezi wa Machi, Mzee mmoja kutoka skimu isiyo mbali na Eldoret alifika ofisini kwetu kabla sijafungua madirisha. Kofia yake ilikuwa imelowa, kwa sababu mvua ya kwanza ilinyesha usiku ule. Mkulima mwingine angefurahi siku kama hiyo, lakini Mzee huyu alikaa kwenye benchi bila kusema neno.

Nilimwamkia, nikamwuliza, "Mzee, habari za shamba?"

Akanijibu, "Mwanangu, shamba liko tayari. Mbegu iko nyumbani, mbolea iko nyumbani, na mvua nayo imekuja. Trekta ndilo limekufa."

Trekta lile lilinunuliwa na nyumba nne kwa kuchanga. Tangu Desemba lilikuwa likilima mashamba yao, na pia mashamba ya majirani kwa kukodishwa. Siku mbili kabla ya mvua, taa nyekundu ya oili iliwaka. Dereva alidhani ni waya umelegea, akaendelea na kazi mpaka jioni. Injini ikaanza kugonga, kisha ikakwama kabisa. Fundi alipofungua sampu alikuta oili imeganda kama lami, wavu wa pampu umezibika, beringi zimeyeyuka, na krankshafti imekwaruzwa vibaya.

Nilimwuliza Mzee, "Oili ilibadilishwa lini?"

Akasema, "Dereva huongeza kila asubuhi. Haijapungua hata siku moja."

"Kuongeza nimesikia, Mzee. Kubadili je?"

Mzee akatazama chini. Katika nyumba zile nne hapakuwa na mtu aliyekumbuka.

Injini ilikaa gereji wiki saba. Wenyewe walipata trekta la kukodi wakati kila mtu amekwisha kupanda, nao wakapanda katikati ya Mei. Mahindi ya miinuko yetu, kama H614, hukaa shambani miezi sita hadi minane, wala hatuna msimu wa pili wa kujirudishia hasara. Mwaka ule walivuna chini ya nusu ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Injini ilitengenezwa kwa fedha, lakini mvua ya Aprili haiuzwi dukani.

Mimi ni karani, si fundi wa mitambo. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, nami najua kwamba jambo lo lote likielezwa kwa utaratibu laweza kueleweka. Nimewauliza mafundi, nimesoma vitabu vya matrekta, na oili ya pikapu yangu huibadili kwa mikono yangu mwenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Katika somo hili, tukisema mafuta tuna maana ya petroli au dizeli, yaani yale yanayochomwa. Tukisema oili tuna maana ya ile inayozunguka ndani ya injini na kulainisha vyuma.

1. KAZI YA OILI

Wakulima wengi hufikiri kwamba kazi ya oili ni kulainisha tu. Kwa kweli oili ina kazi tano.

(a) Hulainisha. Ndani ya injini vyuma huzunguka mara nyingi sana kila dakika. Oili hujitandaza kati ya chuma na chuma kama ngozi nyembamba, hata vyuma visigusane.

(b) Hupoza. Maji ya rejeta hayafiki kila mahali. Pistoni na beringi hupozwa kwa sehemu kubwa na oili.

(c) Husafisha. Oili nzuri ina dawa ya kuokota masizi na uchafu, kisha huubeba mpaka kwenye filta.

(d) Huziba. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda mna nafasi ndogo. Oili huijaza nafasi hiyo pamoja na ringi, ili nguvu ya moto isivuje.

(e) Hukinga kutu. Trekta likilala wiki nyingi ghalani baada ya kupanda, oili iliyobaki juu ya vyuma ndiyo inayozuia kutu.

Ukiyajua haya utaona kwa nini oili huchakaa. Haichakai kwa kupungua tu. Huchakaa kwa kufanya kazi, kama tambara la jikoni. Ukilitumia tambara hilo hilo kila siku bila kulifua, mwisho wake halisafishi tena, bali hupaka uchafu.

Uchafu wenyewe hutoka wapi? Masizi hutoka katika dizeli inayoungua. Vumbi hutoka shambani na katika barabara za murram. Maji hutoka katika unyevu wa hewa, hasa kwa gari linalokwenda safari fupi fupi na kuzimwa kabla injini haijapata moto vizuri. Asidi hutokana na salfa iliyomo katika mafuta. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwa mojawapo, zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni. Hilo limepunguza asidi. Lakini masizi na vumbi vingali pale pale, tena vumbi la Februari hapa kwetu sote twalijua.

Sasa fikiri juu ya yule dereva wa Mzee. Kila asubuhi alitia kikombe kimoja cha oili safi juu ya lita nyingi za oili chafu. Dipstiki ilimwonyesha kwamba oili ipo. Haikumwonyesha kwamba oili imekufa.

2. KUCHAGUA OILI: NAMBARI

Juu ya kopo la oili utaona maandishi kama SAE 15W-40. Wengine hufikiri ni bei, na wengine hufikiri ni nambari ya kiwanda. Nambari hizi huonyesha uzito wa oili, nazo zilianza kupangwa na chama cha wahandisi wa motokaa cha Marekani mwaka 1911.

Chukua asali. Asubuhi ya Julai hapa Eldoret, ambapo tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, asali hukataa kutoka chupani. Iweke karibu na jiko, hutiririka kama maji. Oili nayo ni vivyo hivyo. Ikipata baridi huwa nzito, na ikipata moto huwa nyepesi. Sisi twataka oili isiyo nzito mno asubuhi, ili ipande upesi mpaka juu ya injini, tena isiyo nyepesi mno saa nane mchana trekta linapovuta jembe la sahani.

Nambari ya kwanza, yenye herufi W, ni ya baridi. Herufi hiyo yatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Nambari ikiwa ndogo, oili hutiririka vizuri zaidi wakati wa baridi. Nambari ya pili huonyesha uzito wa oili injini ikiwa na moto, yaani katika joto la digrii 100 za Selsiasi. Nambari ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi.

Kwa hiyo 15W-40 ni oili moja yenye tabia mbili. Zamani wakulima walitumia oili ya nambari moja tu, kama SAE 30 au SAE 40, na hata leo yauzwa. Lakini oili ya nambari mbili yafaa zaidi mahali kama petu, penye baridi asubuhi na jua kali mchana.

3. KUCHAGUA OILI: HERUFI

Baada ya nambari, tafuta herufi API. Hicho ni chama cha petroli cha Marekani, nacho hupanga ubora wa oili. Herufi zinazofuata ndizo za kusoma kwa makini.

Zikianza na S, oili ni ya injini za petroli, yaani zile zenye plagi. Mfano ni SL, SN na SP. Aina ya SP ilianza mwaka 2020.

Zikianza na C, oili ni ya injini za dizeli. Mfano ni CF-4, CH-4, CI-4 na CK-4. Aina ya CI-4 ilianza mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016.

Ni rahisi kukumbuka: herufi ya pili ikienda mbele katika alfabeti, oili ni ya mpango mpya zaidi. Oili nyingine zina herufi za aina mbili, kwa mfano CI-4/SL. Hizo zimekusudiwa kwanza dizeli, nazo zaweza kutumika katika petroli pia ikiwa kitabu cha gari chakubali.

Sasa, je, mkulima wa skimu anunue ipi? Jibu la kwanza daima ni hili: soma kitabu cha mashine yako. Ikiwa kitabu kimepotea, mwulize wakala wa trekta lako, mjini Eldoret au kwingineko, akuonyeshe cha kwake. Hata hivyo, hapa pana mwongozo:

Trekta la dizeli la kawaida. Kwa matrekta mengi yanayolima katika Uasin Gishu, ya zamani kwa mapya, 15W-40 yenye herufi CF-4, CH-4 au CI-4 hufaa.

Pikapu ya dizeli. Mara nyingi ni 15W-40 au 10W-30, kama kitabu kisemavyo. Lakini pikapu mpya zenye chujio la masizi katika eksozi hutaka oili maalum yenye majivu machache, na kitabu hutaja herufi zake. Ukitia nyingine utaziba chujio hilo, nalo ni ghali.

Motokaa ndogo ya petroli. Nyingi za Kijapani hutaka oili nyepesi kama 5W-30. Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo twaiona kila siku ikibeba abiria, mboga na mitungi ya maziwa, huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Mtu akikuuzia lita tano na kukuambia uzitie zote, usikubali.

Pikipiki. Tafadhali sikia sana hapa. Katika pikipiki nyingi, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoogesha klachi. Oili nyingine za motokaa zina dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze, na pikipiki hukosa nguvu mlimani. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA.

Tena usichanganye oili ya injini na ile ya gia au ya haidroliki. Katika matrekta mengi sanduku la gia na haidroliki hutumia oili moja yao wenyewe. Haifai injini, na ya injini haifai huko.

4. KUNUNUA BILA KUDANGANYWA

Mimi mwenyewe niliwahi kudanganywa. Mwaka ule nilinunua oili kwa lita kutoka debe lililofunguliwa, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na rangi yake ilipendeza, nyekundu kama chai ya rangi. Kabla ya wiki tatu kupita, taa ya oili ya pikapu yangu ilikuwa ikimeta kila nikisimama. Fundi alipoimwaga ilitoka nyepesi kama maji. Kilichoniokoa ni kwamba sikupuuza taa.

Tangu siku hiyo nafuata sheria hizi:

- Nanunua kopo lililofungwa, ambalo muhuri wake haujakatwa.
- Natazama alama ya ubora ya KEBS, na maandishi ya SAE na API. Kopo lisilo na maandishi haya siligusi.
- Sichagui kwa rangi. Rangi si ubora.
- Nadai risiti, na kuitunza.
- Kopo tupu nalitoboa kabla ya kulitupa, lisije likajazwa oili mbaya na kuuzwa tena.

5. WAKATI WA KUBADILI

Trekta halihesabiwi kwa kilomita, bali kwa saa za kazi. Vitabu vingi vya matrekta huandika saa 250, na vingine vya zamani huandika pungufu ya hapo. Fuata kitabu chako. Ikiwa unalima katika vumbi jingi, badili mapema zaidi.

Tupige hesabu. Trekta likifanya kazi saa 8 kwa siku, saa 250 humalizika kwa siku 31 tu. Kwa hiyo trekta linalolima kila siku kuanzia Januari mpaka mwisho wa Machi litahitaji kubadiliwa oili karibu mara tatu. Mkulima anayesema, "Mimi hubadili mara moja kwa mwaka," anajidanganya.

Ikiwa mita ya saa imekufa, kama ilivyo katika matrekta mengi ya zamani, chukua daftari la shule la kurasa 32. Lifunge kwa kamba, ulitundike kwenye msumari ghalani. Kila jioni dereva aandike tarehe, saa alizofanya kazi, na oili aliyoongeza. Kila ukurasa ujumlishwe chini. Mtoto wa darasa la nne aweza kufanya hesabu hiyo.

Kwa motokaa na pikapu, kilomita 5,000 ni kipimo salama kwa wengi wetu tunaokwenda katika barabara za vumbi na matope. Kama gari halitembei sana, badili kila baada ya miezi sita hata kama kilomita hazijafika, kwa sababu oili huharibika kwa unyevu pia.

Injini iliyotoka kutengenezwa upya, au iliyokaa muda mrefu na oili chafu, ibadiliwe tena upesi, baada ya saa 50 hivi. Oili mpya hung'oa uchafu wa zamani na kuchafuka haraka.

6. NAMNA YA KUBADILI, HATUA KWA HATUA

Tayarisha vitu hivi: spana ya ringi inayoenea nati ya sampu, karai pana, faneli safi, tambara safi, filta mpya, na oili mpya ya kutosha.

Hatua ya 1. Endesha injini kwa dakika tano hadi kumi ipate vuguvugu, kisha izime. Oili yenye vuguvugu hutoka yote na uchafu wake. Lakini isiwe ya moto sana, itakuunguza.

Hatua ya 2. Simamisha trekta mahali tambarare. Teremsha jembe mpaka chini, vuta breki, ondoa ufunguo, na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie kamwe chini ya kitu kilichoinuliwa kwa haidroliki au kwa jeki peke yake. Injini hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Hatua ya 3. Futa vumbi kuzunguka nati ya sampu na kuzunguka mdomo wa kutilia oili. Uchafu wa nje usiingie ndani.

Hatua ya 4. Weka karai, fungua nati ya sampu polepole, na uache oili itoke kwa dakika 15 hadi 20. Usiwe na haraka. Matone ya mwisho ndiyo yenye uchafu mwingi.

Hatua ya 5. Tazama oili iliyotoka na nati yenyewe. Ukiona chembe zinazometameta, vyuma vinalika ndani, mwite fundi. Kisha rudisha nati pamoja na washa yake na uikaze vizuri, lakini usitumie nguvu za kuvunja nyuzi za sampu.

Hatua ya 6. Fungua filta ya zamani. Hakikisha mpira wake umetoka nayo. Mara nyingi mpira hubaki umenata kwenye injini, na mtu akifunga filta mpya juu yake oili yote humwagika barabarani. Paka mpira wa filta mpya oili safi kwa kidole. Ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha izungushe tena kwa kadiri iliyoandikwa juu yake, mara nyingi robo tatu ya mzunguko. Usiikaze kwa spana.

Kubadili oili na kuacha filta ya zamani ni kama kuoga na kuvaa nguo zile zile chafu.

Hatua ya 7. Tia oili mpya kwa faneli safi. Tia kidogo pungufu ya kipimo cha kitabu, ngojea dakika chache, pima, kisha ongeza. Oili ifike karibu na alama ya juu ya dipstiki, lakini isiipite. Oili ikizidi, krankshafti huipiga ikawa povu, na povu halilainishi. Tena hutafuta njia ya kuvuja.

Hatua ya 8. Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili lazima izimike katika muda wa sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja. Chungulia kama kuna mahali panapovuja.

Hatua ya 9. Zima, ngojea dakika kumi, pima tena. Kisha andika katika daftari tarehe, saa za mita, na aina ya oili.

Siku hiyo hiyo, tazama chujio la hewa. Matrekta ya zamani yana bakuli la oili chini ya chujio, ambalo huokota vumbi. Wakati wa kiangazi bakuli hili lifunguliwe kila siku ya kazi, lioshwe likiwa na tope, na litiwe oili mpya mpaka alama. Oili bora kabisa haiwezi kuiokoa injini inayovuta vumbi.

7. DIPSTIKI YASEMA NINI?

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili. Vuta dipstiki, ifute, irudishe, ivute tena.

Oili nyeusi katika injini ya dizeli. Usiogope kwa weusi peke yake. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa sababu inaokota masizi, na hiyo ni kazi yake. Hesabu saa zake, usihukumu kwa rangi.

Oili kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Huenda gasketi ya kichwa cha injini imekufa. Usiwashe.

Oili imeongezeka bila kuongezwa. Maji au dizeli inaingia. Inuse, ikinuka dizeli, mwite fundi wa pampu.

Oili inapungua kila siku. Inavuja, au inaungua na moshi wa buluu hutoka katika eksozi.

Taa ya oili imewaka ukiwa kazini. Zima pale pale ulipo, hata kama umebakiza mstari mmoja wa jembe. Mstari huo mmoja waweza kugharimu injini.

8. OILI YA ZAMANI IENDE WAPI?

Wengi wetu huimwaga nyuma ya ghala, huipaka nguzo za ua, huinyunyiza njiani kuzuia vumbi, na wengine hata huwapaka ng'ombe vidonda. Tuache desturi hizi. Oili iliyotumika ina sumu na vyuma vilivyosagika, na ikiganda katika ngozi ya mtu kwa miaka yaweza kuleta saratani. Mvua huichukua mpaka mtoni. Maji ya mto Sosiani huingia Kipkaren, kisha Nzoia, mpaka Ziwa Viktoria. Wako watu wanaokunywa katika safari hiyo yote. Katika sheria za Kenya za takataka za mwaka 2006, oili chafu ilihesabiwa kuwa taka ya hatari.

Imimine katika mtungi wenye kifuniko, andika juu yake OILI CHAFU, uuweke mbali na watoto, kisha umpelekee mwenye gereji anayekusanyiwa na wachukuzi wenye kibali. Nawa mikono kwa sabuni. Usinawe kwa petroli.

9. HESABU YA MWISHO

Bei hubadilika, kwa hiyo hizi ni za mfano wa hesabu tu; weka bei za dukani kwako. Tuseme oili ni Sh. 600 kwa lita, trekta huchukua lita 8, na filta ni Sh. 1,000. Kubadili mara moja ni Sh. 5,800. Tuseme kutengeneza injini iliyokwama ni Sh. 180,000. Gawanya: fedha hizo zingetosha kubadili oili mara 31. Kwa trekta linalobadiliwa mara nne kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya miaka saba. Na hapo hatujahesabu magunia yaliyopotea kwa kupanda mwezi wa Mei.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni somo hili pamoja nyumbani au katika mkutano wa chama, kisha mjibu:

1. Taja kazi tano za oili.
2. Katika 15W-40, nambari ipi ni ya baridi?
3. Oili yenye herufi CI-4 imekusudiwa injini gani?
4. Trekta hufanya kazi saa 10 kwa siku. Saa 250 zitamalizika kwa siku ngapi?
5. Kwa nini haifai kutia oili kupita alama ya juu?
6. Oili ya trekta lako ilibadilishwa lini? Ikiwa hukumbuki, jibu ni kwamba yafaa uibadili wiki hii.

Mwezi uliopita nilipita katika skimu ya yule Mzee. Trekta lingali linafanya kazi. Ghalani niliona daftari limetundikwa kwenye msumari, jalada lake limejaa alama za vidole vya oili. Mjukuu wake ndiye anayejumlisha saa kila Jumamosi. Nilipofungua ukurasa wa mwisho nilikuta ameandika kwa herufi kubwa: SAA 212. BADO 38.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, siku hizi siulizi kama oili ipo. Nauliza ina saa ngapi."

Ndugu Mkulima, nawe uliza hivyo hivyo, kabla mvua haijakuuliza.